Presha ya Watu Wembamba

Nimestaafu mwezi uliopita, na wenzangu wa zahanati wameniomba niwaandikie kurasa chache za mafanikio na changamoto. Mafanikio nimeyasahau, na changamoto ni neno lililokuja baadaye. Mimi naanza kazi tulikuwa na shida tu. Vyeo sitavitaja. Nitaandika juu ya kupima presha, maana hakuna jambo nililogombana na watu kwa ajili yake kama hilo, na sijutii hata ugomvi mmoja.

Nilipangiwa zahanati moja ya Kiwalani mwishoni mwa miaka ya themanini. Nyumba zilikuwa zinaongezeka kila mwezi, moja mgongoni mwa nyingine, na uwanja wa ndege ulikuwa jirani kiasi kwamba ndege ikitua chumba kizima kilinyamaza. Hatukunyamaza kwa heshima. Huwezi kusikia mapigo kwenye stetoskopu huku ndege inapita juu ya bati.

Siku ya kwanza nilipokelewa na Bi Mwajuma, mkunga wa makamo, Mzaramo kama mimi, mwenye sauti ya chini na jicho lisilosamehe. Nilimwamkia, akaitikia, kisha hata jina hakuniuliza. Alinisogezea sanduku la bati. Ndani mlikuwa na bomba la kioo lenye zebaki, mkanda wa kitambaa, na mpira wa kupulizia uliopasuka ukazibwa kwa kiraka cha tyubu ya baiskeli. Akakunja mkono wa gauni. "Nipime."

Nikampima, nikasema mia ishirini kwa themanini.

"Umeisikia, au umeikuta kitabuni?"

Nilikuwa nimeikuta kitabuni. Ndege ilikuwa inapita na sikusikia kitu. Akafungua rejesta ya mwezi uliotangulia na kunionyesha kwa kidole: mia ishirini kwa themanini, mia ishirini kwa themanini, ukurasa mzima, vizee na vigoli sawasawa. "Hii mie naiita presha ya mezani," akasema. "Mtu anakaa mezani, anaandika. Ukiniandikia hii tena, mie na wewe hatujuani."

Kila nilichojua kuhusu mashine ile nilijifunza kwake. Mgonjwa akae mpaka pumzi itulie. Mkono uwe usawa wa moyo. Asiongee, nawe usiongee. Shusha zebaki polepole, na ndege ikipita, anza upya. Nilirudia kumpima mtu mmoja mara nne asubuhi moja, naye akaniuliza kama nasomea kazi au nimeajiriwa.

Mkuu wetu alikuwa mganga mfawidhi, Bwana Mhando, ambaye mtaa mzima ulimwita daktari. Aliweka sheria kwamba presha wapimwe wajawazito, wenye zaidi ya miaka arobaini, na wanene. Sitaki kumsingizia: mashine ilikuwa moja, na foleni ilifika kwenye uzio. Lakini chini ya sheria ile palikuwa na imani ambayo wengi wetu tuliishika, kwamba presha ni ugonjwa wa wakubwa, wenye gari na kitambi. Mtu mwembamba wa Kiwalani akiumwa kichwa, basi ana malaria.

Mashaka alikuwa na malaria ya namna hiyo. Alikuwa na miaka ishirini na tisa, mfanyakazi wa kiwanda cha nguo, mrefu, mkavu, mpole. Alikuja mara tatu akilalamikia kisogo, na mara tatu akapewa klorokwini. Mara ya nne nilikuwa mimi zamu ya chumba, na nilimwona akishika ukuta alipoinuka. Nikamfunga mkanda. Ulizunguka mkono wake ukabaki mrefu. Vijana, mjue hili: mkanda ukiwa mkubwa kuliko mkono, kipimo huwa kidogo kuliko ukweli. Nami nilisoma mia tisini kwa mia ishirini.

Nikapima tena. Nikapima mkono wa pili. Kisha nikaenda kwa Bwana Mhando.

"Mashine imekufa hiyo," akasema bila kuinua kichwa. "Kijana mwembamba vile hana presha."

"Naomba mkono wako, daktari."

Alinipa, nadhani kwa mshangao. Nikampima palepale mlangoni, foleni ikitazama. Mia thelathini kwa themanini na mbili. "Kama imekufa," nikamwambia, "basi imefufuka kwako." Mama mmoja kwenye foleni akacheka, na kicheko kile kilinigharimu miaka miwili ya zamu mbaya.

Hata hivyo aliandika barua ya kumpeleka Mashaka hospitali kubwa kupimwa figo, na hapo alifanya sawa, maana kijana mwenye presha ya namna ile figo lazima ziangaliwe. Barua ikarudi kwamba figo ni nzima. Mashaka akaanza vidonge. Mimi nikabaki na swali: imetoka wapi?

Nilikwenda kwao baada ya kazi kuhakikisha vidonge anavimeza. Nilimkuta mama yake, Bi Zuhura, barazani akichagua mchele, na mdogo wake Mashaka, Baraka, aliyezaliwa miaka mitatu baada yake. Baraka alikuwa pande la mtu, kichwa kimeanza upara, anapenda chumvi hata kwenye embe bivu. Nikampima. Yuko sawa kabisa.

"Umeona maajabu haya, sista?" Mashaka akasema. "Mla mafuta hana, mla mlenda ndo ninayo."

Mama mmoja, baba mmoja, chungu kimoja. Kama ni ya kurithi, Baraka angeipata. Kama ni ya kitambi, angeipata zaidi. Nikamuuliza Bi Zuhura ilikuwaje mmoja akaitwa Mashaka na mwingine Baraka. Niliuliza kwa mazungumzo tu.

"Mwanangu, wakati ule tulikuwa shamba, huko nyuma ya Kisarawe," akasema. "Mvua ilitukatalia misimu miwili. Muhogo ulikaukia ardhini. Tulichimba mizizi ya ming'oko porini mpaka nayo ikaisha. Mimba hii hapa," akamwonyesha Mashaka kwa kidevu, "niliibeba kwa maji na maembe mabichi. Alitoka kama kinda la ndege. Mkunga akamviringisha kwenye pamba. Tungemwita nani kama si Mashaka? Huyu mwingine alikuja na mvua."

Siku hiyo sikulijua jina la nilichokisikia. Nilirudi nyumbani nikanunua daftari, nikalichora safu: jina, umri, uzito, kipimo, na safu ya mwisho niliyoiandika "Mama alikula nini?" Kwetu majina yanasema. Mtoto aliyezaliwa katika dhiki huitwa Shida, Tabu, Mashaka, Masumbuko, na huwa anatembea na habari za mimba ya mama yake mpaka kaburini. Nikaanza kuwapima hao hata kama ni wembamba, hata kama ni vijana, wakati Bwana Mhando ameenda chai. Kwa macho yangu, presha ilikuwa nyingi kwao kuliko nilivyotarajia. Nasema kwa macho yangu. Daftari la muuguzi si utafiti, na mimi nilikuwa natafuta nilichotaka kukiona, jambo ambalo Bi Mwajuma alinikataza tangu siku ya kwanza.

Na nikaanguka palepale nilipokatazwa. Alikuja fundi cherehani mmoja, dada mnene mchangamfu, jina lake Tabu. Kipimo chake kilipanda kidogo, cha mtu aliyetembea juani. Sikumpumzisha. Nilimwambia mbele ya watu kwamba mwenye jina kama lake lazima awe mwangalifu, aache chumvi, aje kila wiki. Alirudi baada ya mwezi, amekonda na amekasirika.

"Sista, jina hili la bibi yangu mzaa baba," akasema. "Ni somo yangu. Mie nilizaliwa mwaka wa neema, mama anakula kuku. Umenitia hofu mwezi mzima, hata cherehani miguu inakataa kukanyaga."

Nilimpumzisha, nikampima, yuko salama. Nikamwomba radhi mbele ya watu walewale. Mimi, Mzaramo niliyezaliwa na kulelewa Pwani, nilikuwa nimesahau kwamba jina laweza kuwa la siku yako au la somo yako aliyekutangulia. Aibu ile sikuisahau. Tangu hapo niliongeza safu kwenye daftari: jina la siku, au la somo?

Habari zilimfikia Bwana Mhando kabla ya saa sita. "Sista Hidaya," akaniambia, "hapa ni zahanati. Kupiga ramli kwa majina kuna watu wake." Akaifungia mashine kabatini, akatia kufuli, ufunguo mfukoni mwa koti. Ikawa inatoka kwa walio kwenye orodha tu. Nilimwambia nimekosa kwa mtu mmoja, na nikosolewe kwa mtu huyo; asiwaadhibu wagonjwa. Alisema mazungumzo yamekwisha.

Baada ya hapo nilikwenda likizo Kisarawe, mama yangu alikuwa mgonjwa. Mashaka alikuja kuchukua vidonge vyake. Vidonge havitolewi bila kipimo, na kipimo hakitolewi bila orodha. Aliyekuwa zamu alimwambia, kijana, huna kitambi wala huna mimba, pisha foleni. Akaja mara ya pili, akaambiwa hivyohivyo. Hakuwa mtu wa kubisha. Wiki ya tatu aliamka mdomo umevutwa upande, mguu wa kulia haumsikii. Majirani wakasema amepigwa na upepo, wakamfukiza ubani siku mbili.

Nilirudi kazini asubuhi ile ile Baraka alipomleta, amemkumbatia kiunoni kama gunia. Bwana Mhando alitoka chumbani kwake. Aliutazama mdomo, akautazama mguu unaoburuta. Akaingiza mkono kwenye koti, akautoa ufunguo, akauweka mezani mbele yangu.

Mimi nikamwambia, "Ni yule yule mwembamba, daktari."

Wenzangu waliniambia baadaye kwamba nilikuwa mkatili, kwa kuwa mtu alikuwa ameshakiri kwa vitendo. Inawezekana. Nilikuwa na hasira, na mpaka naandika hapa bado ninayo. Mtu alikuja kwa miguu yake mara mbili kuomba kupona, tukamwambia hafanani na ugonjwa wake.

Mguu ulirudi baada ya miezi. Mdomo haukurudi wote. Mashaka akicheka, kicheko kinaelekea kushoto. Ufunguo sikuurudisha, na Bwana Mhando hakuudai mpaka alipohamishwa.

Hata hivyo niliapa kwamba kufuli ya mtu mwingine haitaamua tena. Ilikuwa enzi za ruksa, vitu vya kila aina vinaingia, na kwenye mitumba ya Temeke nilikuta mashine ya presha yenye mshale kama saa, ile isiyo na zebaki, imechanganyika na viatu vya watoto. Muuzaji aliniapia kwamba ni pampu ya kujazia mipira. Sikumbishia. Nilimpelekea Bi Mwajuma, ambaye alikuwa ameshastaafu, tukaifunga kwenye mkono wake na kuilinganisha na ile ya zebaki, mara kumi, mpaka akaridhika. Kila Ijumaa jioni nikawa napima barazani kwa Bi Zuhura, anayetaka na asiyetaka, bila ruhusa ya mtu yeyote.

Mitumba ileile iliyonipa mashine ndiyo iliyokiua kiwanda cha nguo. Watu wakapunguzwa, na Mashaka akawa wa kwanza kwa sababu ya mguu. Mkewe, Amina, alikuwa na mimba ya miezi minne. Ijumaa hiyo nilimkuta Bi Zuhura amekaa bila kuchagua mchele, kwa kuwa mchele haukuwepo.

"Mimba ya njaa nyingine," akasema. "Nilidhani zimeishia kwangu."

Sikuwa na elimu ya kumjibu. Nilikuwa na daftari, na ubishi. Nikamwambia huyu hatabebwa kwa maembe mabichi, mimi nipo hai. Akaniuliza kwa chakula gani. Nikatazama uani. Baraka alikuwa anafuga kuku wa mayai, kama nusu ya jiji siku hizo, trei zimepangwa mpaka dirishani, na shemeji yake mwenye mimba anakula ugali kwa mchicha.

"Mayai haya nani anakula?"

"Yanauzwa," akasema Bi Zuhura. "Halafu mjamzito hali yai, mwanangu. Mtoto huzaliwa na kipara."

"Mama, kipara hakiui. Mtazame Baraka."

Hata Mashaka alicheka, kuelekea kushoto. Lakini Bi Zuhura hakucheka, na haikuisha siku hiyo. Nilirudi Ijumaa nne kugombania yai moja. Alinieleza kwamba alilea watoto sita kwa miiko hiyo. Nikamjibu kwamba mmoja kati ya sita amekaa pale, mguu unaburuta. Nilijuta lilipotoka. Bi Zuhura aliinuka. Kisha akamwita Amina, akamwambia aje ale, wanaume watasubiri. Kuanzia siku ile Amina alipakuliwa wa kwanza: yai kila siku, maharage, dagaa, na usiku kabla ya kulala kikombe cha uji. Baraka alilalamika kuhusu trei zake mpaka mama yake alipomtazama.

Alizaliwa mtoto wa kike mzito, ana nywele hadi kwenye masikio. Siku ya saba, kabla shehe hajafika, ndugu walipendekeza aitwe Masumbuko kwa kuwa baba hana kazi. Bi Zuhura akakataa. "Mama yake amekula mimba nzima kama mke wa sultani," akasema. "Ataitwa Shibe."

Nilimpima Shibe mwaka hadi mwaka alivyokua, na watoto wengine wa mtaa ule. Madaftari yalifika sita. Walikuja wakubwa wa kazi kadhaa; wawili waliniambia napoteza muda, mmoja alitumia daftari langu la tatu kuwekea chai. Niliendelea. Bwana mmoja aliniuliza nina shahada gani ya kuuliza mama za watu walikula nini. Nikamwambia sina, ndiyo maana nauliza.

Jina la kitu kile nililisikia miaka michache kabla ya kustaafu. Daktari kijana aliyeletwa kwetu aliyakuta madaftari, akayasoma siku mbili, akaja kukaa karibu yangu. Alisema kuna elimu inaitwa epijenetiki. Nikamwambia aniambie kwa kanga yangu niliyovaa. Akafikiri, akasema vizuri: tulichorithi ni kama maandishi ya kanga, hayabadiliki. Lakini kanga hukunjwa. Mkunjo ukificha neno, neno lipo ila halisomeki. Njaa ya mama, dhiki, maradhi, huweza kuikunja kanga ya mtoto akiwa bado tumboni, na mishipa na figo zake zikasoma maneno tofauti na ndugu yake maisha yote, ingawa kitambaa ni kimoja. Akaongeza haraka kwamba bado wanachunguza, kwamba chumvi na uzito na umri vina nguvu zao, na kwamba ndugu wawili si ushahidi.

"Najua," nikamwambia. "Baraka naye aliipata alipofika hamsini. Nimemwandika."

Nikamuuliza kama mkunjo unakunjuka. Akasema mwingine unakunjuka, mwingine hawajui. Nikatoka nje nikalia kidogo, si kwa huzuni. Miaka thelathini niliambiwa napiga ramli.

Sasa siku yangu ya mwisho. Waliandaa soda na keki. Kwenye benchi la kliniki alikuwepo Mashaka, ameshapita sitini, fimbo mkononi, amemsindikiza binti yake. Shibe alikuwa na mimba ya kwanza, mwembamba kama baba yake. Nesi wetu mpya, msichana mwenye akili ambaye nampenda na ambaye atasoma haya, alikuwa anawahi keki. Alimtazama Shibe, akaandika kwenye kadi. Nikaichukua kadi. Mia ishirini kwa themanini. Mkanda ulikuwa bado umekunjwa mezani.

"Mfunge mkanda," nikasema.

"Mama, huyu dada mdogo, halafu mwembamba..."

Mashaka aliinua kichwa. Nesi hakujua kwa nini chumba kimenyamaza, na hakukuwa na ndege. Nilifungua mkoba nikatoa mashine yangu ya mitumba, nikamketisha Shibe vizuri, mkono usawa wa moyo. Nikampa nesi stetoskopu. Akapuliza, akashusha polepole, akasikiliza. Mimi nilikuwa natazama uso wake tu.

"Mia kumi na nane kwa sabini na sita," akasema. Pumzi ikanitoka. Naye akatabasamu kwa ushindi. "Si niliandika, mama? Imekaribiana."

"Hukupima," nikamwambia. "Ulibahatisha. Baba yake naye alitazamwa tu hapa, akarudishwa mara mbili."

Mashaka akamgeukia nesi, akamcheka kwa upole, na kicheko kikaelekea kushoto. Yule msichana alikitazama kicheko kile. Kisha akachukua kalamu, akakata alichoandika, akaandika upya, na bila kuambiwa akamuuliza Shibe amekula nini asubuhi.

Mashine nilimwachia nesi yule, na madaftari sita. Nilimpa sharti moja, asiifungie kabatini.